Picha ya Mafuriko Huja Maji Yakiwa Yameshaingia Ndani

Mafuriko makubwa yakitokea popote duniani, haipiti wiki kabla picha ya aina moja haijasambaa mitandaoni. Upande wa kushoto mto wa kawaida, mwembamba, unaojipindapinda kati ya mashamba. Upande wa kulia ziwa. Watu hushangaa, magazeti huichapisha, kisha mazungumzo huhamia kwingine. Mimi ni mmoja wa watu wanaotengeneza picha hizo. Kazi yangu ni kuchukua data za setilaiti na kuzigeuza kuwa ramani inayoonyesha maji yamefika wapi, kwa hiyo naomba nisieleweke vibaya nikisema kwamba aliyemo ndani ya picha ile haimsaidii sana. Inawasaidia waokoaji kujua barabara ipi imekatika na boti zipelekwe wapi. Inawasaidia wanaokadiria hasara. Lakini aliyepaswa kuhama alipaswa kuhama juzi.

Kazi inayopunguza hatari kweli hufanyika kabla, na haina picha ya kuvutia. Kila mwaka nazidi kuamini kwamba angani tumeshaangalia vya kutosha. Tunachopungukiwa kiko chini: kimo halisi cha ardhi, mtaro uliopita chini ya barabara, na mtu aliyekubali mapema kwamba utabiri ukifika kiwango fulani atatoa amri bila kusubiri kuyaona maji kwa macho yake.

Lakini nianze na picha yenyewe, maana wengi hudhani ni picha ya kamera tu iliyopigwa kutoka juu sana. Mafuriko huja na mawingu, na kamera haioni kupita wingu. Mpango wa Landsat wa Marekani, uliorusha setilaiti yake ya kwanza mwaka 1972, umetuachia kumbukumbu ndefu na ya thamani ya uso wa dunia, ila siku ya mafuriko yenyewe mara nyingi unakupa picha safi kabisa ya mawingu. Ndiyo maana sisi wa maji tunaishi kwa rada. Setilaiti za Sentinel-1 za Ulaya, ya kwanza ikiwa ilirushwa Aprili 2014, huzunguka kwenye kimo cha kilomita 693 hivi na kutuma mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimita 5.6 kuelekea ardhini kwa mshazari. Mawimbi hayo hupita mawinguni, usiku na mchana. Ardhi yenye nyasi, mawe na udongo uliolimwa huyatawanya kila upande, na sehemu yake hurudi kwenye setilaiti. Maji yaliyotulia huyaakisi yote kwenda upande wa pili, hayarudi. Kwa hiyo kwenye picha ya rada maji ni meusi.

Ukiifungua picha hiyo kwenye skrini unakuta kila pikseli ya mita 10 kwa 10 imebeba namba inayoonyesha nguvu ya wimbi lililorudi. Ardhi kavu yenye mimea inaweza kusoma desibeli -9 au -11. Maji tulivu hushuka hadi -18, -20, au chini zaidi. Unachora grafu ya pikseli ngapi zina namba ipi, na bahati ikiwa upande wako unaona vilima viwili, kikubwa cha nchi kavu na kidogo cha maji, na kibonde katikati yao. Unakata pale kwenye kibonde: kushoto maji, kulia ardhi. Mtaalamu wa Japani, Nobuyuki Otsu, alichapisha mwaka 1979 njia ya kuiachia kompyuta itafute yenyewe pa kukatia, na mpaka leo nusu ya ramani za mafuriko ninazoziona zina mkono wake ndani.

Hapo ndipo wageni wa kazi hii hudhani wamemaliza. Kumbe ndiyo kwanza matatizo yanaanza. Njia ya kurukia ndege ni lami laini iliyonyooka, nayo huyaakisi mawimbi vilevile, hivyo kila uwanja wa ndege huonekana umefurika. Mchanga mkavu wa jangwani nao huonekana mweusi. Mlima mrefu hutupa kivuli cha rada nyuma yake, na kivuli hicho ni cheusi kama ziwa. Upepo ukivuma juu ya maji ya kweli hutengeneza viwimbi, mawimbi ya rada yanarudi, na ziwa zima linapotea kwenye ramani. Kinga mojawapo ninayoipenda ni rahisi mno: kwa kila pikseli unakokotoa imeinuka mita ngapi juu ya mkondo wa maji ulio karibu nayo, ule ambao maji yake yangetiririkia. Pikseli inayodai kuwa na maji huku iko mita 40 juu ya mto wake, unaifuta. Mafuriko hayapandi mlima.

Udanganyifu mbaya kuliko wote uko mjini. Barabara iliyojaa maji kati ya nyumba mbili hailifukuzi wimbi. Wimbi hugonga maji, likagonga ukuta, likarudi moja kwa moja kwenye setilaiti. Mtaa uliofurika unang'aa badala ya kuwa mweusi. Programu inayotafuta weusi inaupita bila kuuona. Matokeo yake ni ramani yenye maji mashambani pande zote na mji mkavu katikati, na mtu asiyeijua rada anaweza kuitazama ramani hiyo na kushukuru kwamba mji umepona. Nikiona ramani ya mafuriko isiyo na maelezo yoyote kuhusu maeneo ya mjini, huwa siiamini, hata iwe na nembo ya nani.

Kuna pia suala la muda. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudi kwenye njia ile ile angani kila baada ya siku 12. Mbili zikipokezana ni siku 6. Desemba 2021 moja kati ya hizo mbili, Sentinel-1B, iliharibika na haikurudi tena kazini, na nyingine ya kuziba pengo ilirushwa Desemba 2024. Kwa mto mkubwa unaofurika kwa wiki kadhaa, kasi hiyo inatosha. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira nchini Msumbiji usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019, maji yalituama kwenye nyanda za mito ya Buzi na Pungwe kwa siku nyingi, na rada ikayaona vizuri. Lakini mafuriko ya ghafla yanayoshuka bondeni alfajiri na kuisha jioni yanaweza kuja na kuondoka bila setilaiti yoyote kupita juu. Mahali hapo kwenye ramani patabaki pakavu milele, na miaka kumi baadaye mtu atasema hapajawahi kufurika, kumbukumbu hazionyeshi.

Pamoja na hayo, sizidharau picha hizi, na Pakistan ni sababu mojawapo. Mwaka 2022, wakati wa mafuriko yale mabaya, maneno yaliyozunguka dunia nzima yalikuwa kwamba theluthi moja ya nchi iko chini ya maji. Wachambuzi wa setilaiti walipoyapima maji, eneo lililoonekana kufunikwa lilikuwa takriban sehemu moja ya kumi ya nchi. Hilo halipunguzi msiba hata kidogo, maana sehemu moja ya kumi ya Pakistan ni eneo kubwa kuliko nchi kadhaa zikiunganishwa, na maji yale yaliangukia penye watu na mashamba. Lakini anayepanga mahema na chakula anahitaji kujua ni wapi hasa, na "theluthi ya nchi" haimwambii aende wapi. Mashirika ya anga yana makubaliano ya kutoa picha bure nchi inapopatwa na maafa. Yaliasisiwa na Ulaya na Ufaransa mwaka 1999, yakaanza kazi mwaka uliofuata, na leo ni kawaida kupokea picha ndani ya siku moja au mbili baada ya kuombwa. Kwa kuokoa, ni mfumo mzuri. Kwa kuzuia, bado tumechelewa.

Twende kabla ya mvua, basi.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Modeli ya kompyuta ya mafuriko, ukiivua madoido yote, ni sentensi hiyo iliyoandikwa kwa hesabu. Unaigawa ardhi katika vyumba vidogo vya mraba, kila chumba na kimo chake. Unamwaga maji upande mmoja. Kila sekunde chache kompyuta inauliza kila chumba: wewe na jirani yako, nani ana maji yaliyosimama juu zaidi? Yanasogea kwa aliye chini, kwa kasi inayotegemea mteremko, kina na ukwaru wa ardhi. Milinganyo yenyewe ina umri. Mfaransa Barré de Saint-Venant aliichapisha mwaka 1871, na kanuni ya ukwaru tunayoitumia kila siku iliwasilishwa na mhandisi wa Ireland, Robert Manning, mwaka 1889. Mfereji safi wa udongo unapewa 0.03 hivi, uwanda wenye vichaka vizito unaweza kupewa 0.1. Namba hizo mbili hubadilisha saa za maji kufika, na ukweli ni kwamba mara nyingi mtu huzichagua kwa kuangalia picha na kukisia kwa busara. Karne ya ishirini na moja ilichoongeza ni nguvu ya kompyuta na ujanja wa kufupisha hesabu, kazi ambayo Paul Bates na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bristol wameifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, kiasi kwamba sasa modeli ya bonde zima la mto inaweza kukimbia kwenye kompyuta ya mezani huku mwenyewe unakula chakula cha mchana.

Hesabu, kwa hiyo, si tatizo. Tatizo ni kile kimo cha kila chumba.

Kwa sehemu kubwa ya dunia, chanzo kilichozoeleka cha vimo vya ardhi ni safari moja ya chombo cha anga cha Endeavour, Februari 2000. Kwa siku 11 kilizunguka dunia kikiwa kimenyoosha mlingoti wa mita 60 wenye antena ya rada nchani, kikapima karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Ilikuwa kazi ya ajabu na hadi leo naiheshimu. Lakini rada ile ilipofika msituni ilisimama kwenye matawi, na ilipofika mjini ilisimama kwenye mapaa. Modeli ikipewa vimo hivyo inaamini kwamba msitu ni kilima na kwamba mtaa wenye nyumba zilizobanana uko juu ya nyanda za jirani. Maji ya kwenye kompyuta yanauzunguka mtaa. Maji halisi yanaingia mlangoni.

Makosa hayo ni ya mita chache tu, mtu atasema. Fikiria uwanda wa mto mkubwa karibu na bahari, ambako ardhi hushuka sentimita 10 kwa kila kilomita. Kosa la mita 2 kwenye kimo linahamisha ukingo wa mafuriko kilomita 20. Mwaka 2019 Scott Kulp na Benjamin Strauss walijaribu kusahihisha vimo vya pwani za dunia kwa kuifunza kompyuta itambue makosa ya aina hiyo. Data za zamani zilikuwa zinasema watu milioni 28 wanaishi kwenye ardhi iliyo chini ya kiwango cha maji kujaa baharini. Baada ya marekebisho, idadi ilikuwa milioni 110. Bahari haikupanda hata kidole kati ya hesabu hizo mbili. Watu milioni 82 walikuwa wamefichwa na mapaa na miti.

Tangu hapo hali imekuwa nafuu. Kuna data mpya zaidi za vimo zilizopimwa na setilaiti pacha za Ujerumani, na mwaka 2022 watafiti wa Bristol walitoa toleo lililoondolewa misitu na majengo kadiri inavyowezekana. Kipimo bora kabisa bado ni leza inayorushwa kutoka kwenye ndege, ambayo kosa lake ni sentimita kumi au ishirini hivi, lakini ndege ni gharama, na nchi nyingi zina vipande vichache tu vilivyopimwa. Mimi nikipewa fedha za mradi wa mafuriko na kuulizwa nizitumie wapi, sitataka kompyuta kubwa wala setilaiti mpya. Nitaomba ndege yenye leza irushwe juu ya uwanda huo, mara moja, na data zake ziwekwe wazi kwa kila mtu.

Hata hivyo leza nayo ina upofu wake. Barabara iliyojengwa juu ya tuta, na chini yake kalavati la kupitisha maji, kutoka juu inaonekana ni ukuta mzima. Modeli inaigeuza bwawa. Upande wa juu wa barabara maji yanajaa hadi yanaleta mafuriko ambayo hayatatokea kamwe, na upande wa chini panabaki pakavu wakati ndipo patakapozama. Dawa yake ni kazi ya mkono. Unakaa na picha yenye ukali wa kutosha, unafuata kila barabara na reli, na kila unapoona mkondo unaingia upande mmoja na kutokea wa pili unatoboa tuta kwenye data: unashusha pikseli mbili tatu mpaka maji yapite. Saa nzima inaweza kuishia kwenye kilomita chache za reli. Hakuna anayeandika habari juu ya kazi hii, na ndiyo inayotenganisha modeli ya kweli na mchoro wa rangi nzuri.

Sasa mvua. Tangu Februari 2014 mpango wa pamoja wa Marekani na Japani wa kupima mvua kutoka angani, GPM, unaunganisha vipimo vya setilaiti nyingi na kutoa kadirio la mvua kila nusu saa kwa karibu dunia yote, kwa vyumba vya kilomita 10 hivi. Setilaiti nyingine hupima unyevu wa udongo, jambo ambalo watu hulisahau: milimita 50 za mvua juu ya udongo mkavu zinaweza kunywewa zote, na milimita 50 hizo hizo juu ya udongo ulioshiba zinakimbilia mtoni. Juu ya hayo kuna utabiri wa hali ya hewa. Mfumo wa Ulaya unaotabiri mafuriko ya mito duniani kote, GloFAS, hautoi jibu moja. Unaendesha utabiri mara 51, kila mara ukianza na hali ya hewa iliyotofautiana kidogo, kisha unahesabu ni mara ngapi mto ulipita kizingiti, yaani kiwango cha hatari. Mara 40 kati ya 51? Jiandae. Mara 6? Endelea kuangalia.

Ili kujua kizingiti chenyewe ni kipi, unahitaji kuujua mto. Na hapa ndipo pana pengo ambalo kwa muda mrefu lilionekana haliwezi kuzibwa: mito mingi, hasa kwenye nchi maskini, haina kituo hata kimoja cha kupima kina na mtiririko, au ilikuwa nacho kikasombwa na mafuriko yale yale yaliyopaswa kupimwa. Machi 2024 watafiti wa Google walichapisha kwenye jarida la Nature matokeo ya mtandao wa neva, programu ya akili bandia inayojifunza kwa mifano, uliofunzwa kwa rekodi za vituo 5,680. Kompyuta iliachiwa ijifunze jinsi bonde la mto linavyoitikia mvua, kisha ikajaribiwa kwenye mito ambayo haikuwahi kuiona. Kwa matukio makubwa, utabiri wake wa siku tano mbele ulikuwa na uaminifu unaolingana na wa GloFAS unaotolewa siku yenyewe ya tukio, wakati mwingine zaidi. Siku tano ni nyingi sana kwa mtu mwenye ng'ombe wa kuhamisha au dawa za hospitali za kupandisha ghorofani.

Nina furaha na matokeo hayo, na nina wasiwasi nayo pia. Mtandao ule ulijifunza kutoka kwenye vituo ambavyo watu walivitunza kwa miaka, mtu akienda mtoni kila asubuhi kusoma namba kwenye ubao. Nimeshasikia watu wakitumia mafanikio ya akili bandia kama hoja ya kuacha kuvigharamia vituo hivyo. Tukivifunga, mwalimu wa mashine hiyo amefukuzwa kazi. Setilaiti ya SWOT iliyorushwa na Marekani na Ufaransa Desemba 2022 hupima kimo cha maji moja kwa moja kwenye mito yenye upana wa mita 100 na zaidi, na ni hatua kubwa, lakini mzunguko wake ni wa siku 21. Mto hauongezi maji yake kwa kufuata ratiba hiyo.

Basi tuseme tunavyo vyote: vimo vizuri, modeli iliyotobolewa makalavati, utabiri wa siku tano. Bado hakuna aliyehama.

Julai 2020, Bangladesh, utabiri ulionyesha kwamba mto Jamuna ungepita kizingiti kilichokuwa kimeandikwa kabla, karatasini, pamoja na kiasi cha fedha na nani wa kupewa. Kwa kuwa maandishi yalikuwepo, mfuko wa dharura wa Umoja wa Mataifa uliachia dola milioni 5.2 kabla maji hayajafika kilele, na familia zikapokea fedha mkononi wakati bado kuna soko la kununulia na barabara ya kupita. Utafiti uliofuata uligundua kwamba waliopokea walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 36 wa kushinda siku nzima bila kula wakati wa mafuriko. Hakuna teknolojia ya ajabu katika kisa hiki. Utabiri ulikuwa ule ule unaotolewa bure kila siku kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kilichokuwa kipya ni kwamba ubishi wote ulimalizwa kipindi cha jua.

Linganisha na Derna, Libya, Septemba 2023. Mwaka mmoja kabla, Abdelwanis Ashoor, mtaalamu wa maji wa Libya, alikuwa amechapisha utafiti akionya kwamba mabwawa ya bonde lililo juu ya mji huo yanahitaji matengenezo na kwamba mafuriko makubwa yangeleta maafa kwa wakazi wa chini. Kimbunga Daniel kilionekana siku kadhaa kabla. Mamlaka ya hali ya hewa ya nchi ilitoa tahadhari saa 72 mapema. Lakini tahadhari hizo zilihusu mvua na upepo, hazikugusa hatari ya mabwawa yaliyochakaa. Usiku wa tarehe 10 kuamkia 11 mabwawa mawili yalipasuka na maelfu ya watu wakafa. Data zilikuwepo vipande vipande, kila kipande mikononi mwa mtu tofauti: huyu ana mvua, yule ana mabwawa, mwingine ana orodha ya nyumba za bondeni. Modeli ya kuviunganisha vipande hivyo vitatu ni kazi ya wiki chache kwa mtu mmoja anayeijua. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi kuliko upungufu wowote wa setilaiti.

Na asidhani mtu kwamba utajiri unatosha. Julai 2021 mifumo ya Ulaya ilitoa tahadhari za mafuriko siku kadhaa kabla kwa mito ya magharibi mwa Ujerumani, na bado zaidi ya watu 180 walifariki nchini humo, wengi wao katika bonde la mto Ahr. Kati ya anayesoma uwezekano wa asilimia na anayegonga milango usiku kuna watu kadhaa, na kila mmoja wao anaogopa kuonekana alipiga kelele za bure.

Hofu hiyo ina hesabu yake, na ningependa maofisa wote wafundishwe. Kama kuhamisha watu kunagharimu moja, na kutowahamisha maji yakija kunagharimu kumi, basi inafaa kuhama kila uwezekano unapozidi asilimia 10. Maana yake ni kwamba ukiwa mwangalifu kama inavyostahili, mara nyingi utahamisha watu na maji hayatakuja. Mfumo usiowahi kutoa tahadhari ya bure umeweka kizingiti chake juu mno. Lakini jambo hili likisemwa baada ya watu kulala shuleni usiku mzima na kurudi nyumbani kukuta pakavu, linasikika kama kisingizio. Lazima liwe limesemwa na kukubaliwa mapema, na wanaohama wenyewe wakiwemo kwenye kikao.

Mjini, mpaka sasa, ndiko tunakoshindwa zaidi. Mafuriko ya mjini hayatoki mtoni tu. Yanatoka kwenye mtaro ulioziba kwa taka, na hakuna setilaiti inayouona mtaro wa upana wa nusu mita, sembuse kujua kama umeziba. Mradi wa Ramani Huria, Dar es Salaam, ulioanza 2015, ulilitatua hili kwa njia ambayo naiona bora kuliko nyingi za gharama kubwa: wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata walitembea na simu, wakapima mitaro kwa mikono, wakaandika upana, kina, na kama maji yanapita, kisha wakaweka kila kitu kwenye ramani huria ya OpenStreetMap. Walikuwa pia na wazee walioonyesha kwenye kuta alama za maji ya miaka ya nyuma. Alama kwenye ukuta ni kipimo, tena chenye kosa la sentimita. Nikiwa na modeli ya mji na alama ishirini za ukutani, najua ndani ya siku moja kama modeli yangu inasema kweli.

Upo upande mmoja wa kazi hii ambao wenzangu hawapendi kuuzungumzia: ramani ya hatari ya mafuriko hushusha thamani ya kiwanja. Kwa hiyo hufichwa, au huchorwa upya mpaka mstari ukwepe mradi wa mtu. Wakati huo huo watu wanazidi kuhamia penye maji. Utafiti wa Beth Tellman na wenzake, uliochapishwa mwaka 2021, ulipitia picha za setilaiti za mafuriko makubwa 913 ya kati ya 2000 na 2018, wakaona kwamba kati ya 2000 na 2015 sehemu ya watu wa dunia wanaoishi kwenye maeneo hayo yaliyowahi kufurika ilikua kwa asilimia 20 hadi 24. Maeneo hayo hayakukisiwa na modeli yoyote. Maji yalionekana pale, na watu bado wakaongezeka.

Kwa hiyo ukionyeshwa ramani ya mafuriko ya mahali unapokusudia kujenga, usiishie kuangalia kama kiwanja chako kina rangi ya bluu. Uliza vimo vya ardhi vilitoka wapi na vya mwaka gani. Uliza kama makalavati yametobolewa, kama mabwawa ya juu yamejaribiwa yakipasuka, na kama kuna mtu aliyeilinganisha ramani hiyo na alama halisi za maji. Uliza ukingo wa bluu unaweza kusogea mita ngapi huku au huku. Mtaalamu aliyeitengeneza kwa dhati atafurahi kuulizwa na atakujibu kwa namba. Akikujibu kwa jina la setilaiti, nenda kawatafute majirani wa zamani uwaulize walipanda juu ya nini mara ya mwisho.